Koki ya Mwisho

Shahidi wa kwanza asubuhi ile alikuwa sindano ya geji. Sajenti Malongo alimpenda tangu mwanzo, kwa sababu sindano haina shemeji kijijini wala jirani wa kumwogopa.

Geji yenyewe, kipimo cha presha ya maji, ilifungwa kwenye bomba la chini kabisa la mradi wa umwagiliaji wa Murubanga, kata ya Ntobeye. Siku nne nyuma, hatua chache kutoka hapo, ng'ambo ya kijito, mama mmoja aitwaye Consolatha alipigwa kichwani na bomba la chuma lililong'oka ardhini pamoja na kinyunyizio chake. Alifia palepale kwenye matope. Mtu mmoja alikuwa ndani kwa kifo hicho, naye ni Hategekimana, fundi maji wa mradi. Malongo ndiye aliyemtia pingu. Saa tisa alasiri ya leo jalada lilitakiwa liwe mezani kwa wakili wa serikali, neno "mauaji" likiwa juu yake, na shitaka la mauaji halina dhamana. Mtu anaweza kuzeekea mahabusu kesi yake ikiahirishwa tu.

Jalada lilikuwa limekamilika, vizuri kabisa, na Malongo hakuliamini. Usiku kucha lilimkosesha usingizi, na alfajiri akapiga simu Biharamulo, kwao, kuomba mtu anayejua maji.

"Waambie wafungue koki zote," alisema mtu huyo.

Jina lake Wema, fundi sanifu wa umwagiliaji, mwanamke kijana mwenye buti za mpira na subira kidogo. Alikuwa ameng'oa vinyunyizio vyote na kuvilaza chini ili kisiruke kingine, maji yatoke wazi kwenye midomo ya mabomba. Mwenyekiti wa mradi, mzee Modestus, alipaza sauti, na watu kumi na wawili walioinama kila mmoja kwenye koki moja wakafungua. Maji yakaruka bonde zima.

Sindano ilipanda, ikatulia kwenye nne.

"Baa nne za presha," Wema alisema. "Ni nyingi. Mradi huu ulipangiwa tatu. Ila mabomba haya ni ya baa sita, kwa hiyo hayapasuki. Ungemwagilia hivi wiki nzima usione kitu, isipokuwa mvua yako itakuwa ukungu."

Mvua ya bomba, ndivyo walivyoiita Murubanga. Malongo alikumbuka maelezo ya shahidi wake wa tatu, kwamba siku mbili kabla ya msiba mvua ya bomba iligeuka ukungu na upepo ukaipeleka kwenye migomba ya watu. Aliliandika hilo bila kuuliza maana yake. Aliandika mengi wiki ile bila kuuliza maana.

"Sasa wafunge kama walivyofunga siku ile," alisema. "Mmoja mmoja."

Walifunga. Koki ya kwanza, sindano haikujali. Ya tatu, ikasogea. Ya tano ikagusa tano. Watu waliona uso wa Wema na wakaanza kunyamaza. Ilipofungwa ya nane, sindano ilikuwa inanyemelea sita, na Wema akanyanyua mkono juu.

"Basi. Rudisheni, fungueni. Hapo ndipo bomba linapoishia uwezo, na nne bado ziko wazi."

"Zingefungwa zote kumi na mbili?"

Wema alinyoosha kidole mlimani, lilipokaa tanki la zege. "Kutoka pale hadi hapa nimepima mita tisini na tano za kushuka. Kila mita kumi za kushuka ni baa moja. Maji yakitembea yanachoka njiani, yanasugua bomba, presha inapungua. Ukiyafungia kila mlango yanasimama, na uzito wote wa mlima unakaa huku chini. Baa tisa na nusu, afande. Na koki hizi ni za kuzungusha mara moja tu, pa. Ukiifunga ya mwisho ghafla, maji yanapiga juu ya hapo tena."

"Kwa hiyo siku ile hakuna mtu aliyefungulia maji."

"Hakuna. Waliyafunga. Kama wangefunga kule juu tankini, yule mama angekuwa shambani kwake sasa hivi."

Malongo aliwatazama wale kumi na wawili waliokuwa wanafuta mikono kwenye nguo zao. Hakuna aliyemtazama. Walielewa, na yeye aliona jinsi walivyoelewa. Siku nne walikuwa wanatafuta mkono wa muuaji, kumbe mikono yenyewe ilikuwa hiyo yao.

Siku ile kijiji kilikuwa kimefiwa. Mzee Philbert, katekista wa miaka mingi, alikata roho alfajiri, na Murubanga mtu akifa jembe haliingii ardhini mpaka azikwe. Mvua ya bomba ilipoletwa, wazee walibishana mwezi mzima kama maji nayo ni jembe. Wakaamua ni jembe. Na kwa kuwa heshima kwa maiti haiagizwi, kila mtu anafunga koki yake kwa mkono wake mwenyewe, ndipo aende kukaa msibani. Hakuna aliyefikiria kumtuma mtu mmoja tankini akafunge kwa niaba ya wote. Ingekuwa sawa na kumtuma mtu akulilie.

Lakini kwa miaka miwili wamefunga hivyohivyo kwenye kila msiba, na bomba halikumuua mtu. Hilo ndilo swali lililobaki.

* * *

Katikati ya mteremko, kati ya tanki na mashamba, kulikuwa na chemba ya zege yenye mfuniko wa bati. Malongo alikuwa ameshaifungua siku ya kwanza. Humo ndimo alimookota kielelezo chake kikuu, spana namba kumi na tisa yenye herufi H iliyochongwa kwenye mpini. Aliiona, akasema kesi imekwisha, akaondoka. Sasa alipiga magoti pembeni ya Wema.

"Hiki ndicho kipunguza presha," Wema alisema. Kilikuwa chungu cha shaba kwenye bomba, na juu yake skrubu ndefu iliyobanwa na nati. "Ukikaza skrubu, presha ya huko chini inapanda. Ukilegeza, inashuka. Kikiwekwa tatu, hata wafunge koki zote kinashikilia tatu. Hiki kimekazwa hadi mwisho. Ni sawa na kutokuwepo."

"Kwa spana hii?" Malongo alitoa mfuko wa plastiki.

Wema hakuhitaji kuishika. "Nati hii ni ishirini na nne. Namba kumi na tisa haiingii hata uimbe. Na angalia kona zake."

Kona za nati zilikuwa zimelika, zimeviringika. Malongo alikuwa ameziona siku ya kwanza pia, akadhani ni kutu.

"Spana malaya," Wema alisema, bila haya, kwa kuwa ndilo jina lake. "Ile ya kupanua na kufinya, inayoshika nati yoyote. Fundi wa kweli haiweki hapa, kwa sababu inateleza na kula kona. Aliyefanya hivi si fundi. Na haya mekundu ni nini?"

Kwenye nati kulikuwa na mstari mwekundu wa rangi, na mwingine kwenye shaba chini yake. Mistari ilikuwa imepishana kwa upana wa kidole.

"Ni rangi yangu ya kucha," sauti ilisema nyuma yao.

Alikuwa Uwase, mke wa Hategekimana, mtoto mgongoni. Alikuwa amesimama mbali kidogo, mahali ambapo mtu anasimama akiwa hajui kama atafukuzwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Rangi ya kucha?"

"Alipaka mstari mmoja, nati na hicho cha chini yake. Alisema mtu akigusa, mstari utavunjika na yeye atajua. Alimaliza chupa yangu nzima. Nilimsema sana." Akamkaza mtoto mgongoni. "Atarudi lini?"

Malongo alijifanya anaandika. "Chakula unampelekea?"

"Sijaweza kutoka. Wanarusha mawe batini. Nilidhani nyie mnampa."

"Hatumpi," Malongo alisema, na kalamu ikasimama. Kituo hakikuwa na fungu la chakula, mahabusu hula cha kwao. Na Hategekimana alikuwa anakula kila siku, tena ndizi za kupika na maharage, zikiwa bado moto.

* * *

Mzee Modestus alikuwa akisubiri kwenye njia ya kuteremka, ameshika kofia mkononi kama yuko kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

"Ufunguo wa tanki anao nani?"

"Ninao mimi."

"Na zamani?"

"Tulikuwa nao wawili, mimi na yule kijana fundi."

"Kwa nini alinyang'anywa?"

"Kamati iliona." Mzee aligeuza kofia. "Watu walisema mtu wa Lukole, wa kambi ya wakimbizi, hawezi kushika maji ya kijiji."

"Watu gani?"

"Mimi nilisema. Wiki mbili kabla. Nikaweka kufuli jipya."

Malongo alifungua daftari kwenye maelezo ya mtuhumiwa, aliyoyaandika kwa haraka ya mtu anayejua tayari jibu lake. Hategekimana alisema aliona watu wanafunga koki, akakimbia mlimani kufunga maji tankini, akakuta kufuli jipya, akateremka kumtafuta mwenyekiti. Watu walimwona akitoka mlimani mbio, muda uleule mayowe yalipoanza. Msibani alikuwa haonekani. Anatoka juu, na juu ndiko yanakotoka maji. Ushahidi ulikuwa huo.

"Yule kijana alikuwa anakufuata wewe, mzee."

"Nimeshaelewa." Macho ya Modestus yalikuwa mekundu. "Ameona hatari, akakimbia kwenda kutuokoa, amekuta kufuli langu. Nimeelewa tangu sindano ilipofika tano. Usinirudishie tena."

"Bado moja. Consolatha alikuwa ameshafunga yake. Alifuata nini ng'ambo ya kijito?"

"Kule ni shamba la Felisita. Koki yake ndiyo ilikuwa imebaki wazi. Felisita alikuwa jikoni msibani tangu alfajiri, anapika. Consolatha alikwenda kumfungia mwenzake."

"Alijuaje kama iko wazi?"

"Mtu alisema."

"Nani?"

"Mtu tu."

Huyu alikuwa mmoja wa mashahidi sita waliosema mtu tu. Malongo aliyaandika maneno hayo mara sita kwa mwandiko safi, na hata mara moja hakuuliza swali la pili. Mpelelezi asiyeuliza swali la pili ana sababu.

"Afande," Modestus alisema taratibu, "unataka niseme? Hapa tuko wawili. Ni wewe."

Ndiyo, alikuwa yeye. Alifika msibani saa nne, akiwa na sare, kutoa rambirambi. Alikuwa na miezi mitatu tu tangu ahamishiwe huku, Msukuma wa Biharamulo asiyejua neno la Kihangaza zaidi ya salamu, na alitaka sana aonekane mtu anayejua mila za watu. Akaketi chini ya turubai na wanaume. Ng'ambo ya kijito, kwenye kimwinuko, kinyunyizio kimoja kilikuwa kinazunguka peke yake juani. Akasema kwa sauti, ili wote wasikie: "Nani huyo asiye na adabu, anamwagilia na maiti haijatoka ndani?" Watu wakaona aibu. Consolatha akanyanyuka, akakaza khanga kiunoni, akasema ni kwa Felisita, ngoja nikamfungie. Na yeye Malongo akamwambia asante, mama.

Baada ya muda mfupi ulisikika mlio, halafu mayowe. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza, yeye ndiye aliyepiga filimbi, na kabla jua halijatua alikuwa ameshampata mtu wa kumtia pingu. Hakuna aliyeshangaa haraka yake, ikaitwa uhodari.

"Mbona hamkusema?" aliuliza, na sauti yake ilimchukiza.

"Tumwambie nani? Wewe ndiye ulikuwa unaandika."

Malongo alifunga daftari. Aliona aibu, ile ya kawaida ya kibinadamu inayochoma masikio, na hapakuwa na kazi ya kufanya nayo zaidi ya kuendelea kutembea hadi kwenye pikipiki.

* * *

Saa sita na nusu alikuwa kituoni, amefungua kitabu cha wageni wa mahabusu. Siku nne, mistari minne, jina moja. Felisita. Uhusiano: jirani.

Alimkumbuka vizuri. Mjane wa miaka sitini hivi, kikapu mkononi. Siku ya pili alimpa Malongo mwenyewe ndizi mbivu, akamwambia, kula na wewe mwanangu, umekonda. Aliila. Kijiji kizima kilimrushia mawe mke wa mtuhumiwa, na mama mmoja tu alipanda gari kila siku kumletea mtuhumiwa chakula. Mpelelezi alikula ndizi na hakuuliza kwa nini.

Hategekimana aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya fundi. Alizaliwa Lukole enzi za kambi, baba yake akitunza mabomba ya wakimbizi, na alijifunza koki kabla hajajifunza herufi.

"Spana yako namba kumi na tisa ilifikaje kwenye chemba?"

"Sasa ndiyo unauliza," Hategekimana alisema, bila ukali. "Asubuhi ile nilikwenda kukaza klampu ya bomba. Nikapitia chemba, nikaona mstari umevunjika. Nati ile ni ishirini na nne, na spana yake iko nyumbani. Nikaiacha hiyo pale, nikakimbia kuifuata. Njiani nikasikia katekista amefariki. Nikageuka, naona watu wanafunga koki. Nikasema, Mungu wangu, wakimaliza wote bomba halitahimili. Nikapanda tankini."

"Ukakuta kufuli."

"Nikakuta kufuli. Nililipiga na jiwe. Kaangalie, alama ipo." Alitazama mikono yake. "Nilikuwa na njia ya pili, afande. Ningepiga kelele tu kule juu, acheni, msifunge. Lakini kumpigia kelele mtu anayeheshimu maiti, mimi, mtu wa Lukole? Nikaona haya. Yule mama amekufa kwa haya zangu."

Malongo hakuandika hilo. "Nani alikaza ile skrubu?"

Hategekimana alikuna kiganja kwa kidole gumba.

"Felisita alikuja kwako?"

"Alikuja mara tatu. Shamba lake ni la mwisho na liko kwenye mwinuko, maji yanafika yamechoka, kinyunyizio hakizunguki. Nilimwambia asubiri, nitamtafutia chenye tundu dogo."

"Ulijua ni yeye. Siku nne unajua. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniamini?"

Malongo alifikiria kusema ndiyo.

"Halafu kila siku analeta ndizi," Hategekimana aliendelea. "Anasimama pale kwenye nondo, ananitazama nikila mpaka nimalize. Anataka kusema, haiji. Ni mtu mzima. Nikasema nitamsubiri."

* * *

Mama Felisita alifika saa saba na robo, kikapu mkononi, vumbi la barabara usoni.

"Shikamoo, mama Felisita."

"Marahaba, mwanangu."

Askari wa zamu alifunua bakuli, akasema onja, kama sheria ya kituo ilivyo. Mama alichovya kijiko, akaonja, akameza. Akaanza kufunika.

"Leo tutatoa vyote," Malongo alisema. "Hadi chini."

Mama Felisita hakubisha. Aliweka bakuli mezani. Akatoa chupa ya maji, kitambaa, kisha jani la mgomba lililokunjwa chini kabisa. Lilikuwa zito. Alilifungua mwenyewe, kwa uangalifu, na ndani yake kulikuwa na spana malaya ya zamani, mpini umefungwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwenye meno yake kulikuwa na chembe za rangi nyekundu.

"Ni ya marehemu mume wangu," alisema. "Alikuwa fundi baiskeli."

"Umekuwa nayo humo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Naileta niwape. Nafika hapa, huyu kijana ananiambia onja, naonja, nafunika, naondoka nayo. Kila siku. Njiani najiambia kesho."

Malongo alimvutia kiti. Alikaa pembeni ya kiti, bila kuegemea, kama amekaribishwa kwa muda mfupi tu.

"Niambie, mama."

"Kwenye mkutano yule fundi alitufundisha. Ukikaza inapanda, ukilegeza inashuka. Alitufundisha ili tusiguse. Mimi nikasikia ile ya kupanda tu." Alikunja ncha ya khanga. "Miaka miwili, afande, naangalia mvua ya wenzangu. Nachota kwa ndoo, na mgongo huu. Nikaenda siku moja watu wako gulioni, nikakaza mpaka ikakataa. Nikateremka. Nikakuta inazunguka. Inazunguka, inamwagia nyanya zangu hadi mwisho wa shamba. Nikakaa chini kwenye matope nikaitazama, nikacheka peke yangu."

"Na siku ya msiba?"

"Nilipita pale alfajiri nikienda kupika. Nikaweka mkono kwenye koki. Nikauondoa." Machozi yalianza kumtoka na hakuyafuta. "Nikasema, nitarudi nifunge, acha inyeshe kidogo. Maiti ya katekista, aliyenifundishia watoto wote, nami nikaona nyanya. Consolatha alikuwa ananisitiri. Aliniona sina heshima, akaenda kunifichia aibu yangu, na ile aibu ndiyo ikamuua."

Askari wa zamu alikuwa ameacha kujifanya anasoma kitabu.

"Hukukusudia," Malongo alisema. "Hilo nitaliandika. Neno la juu ya jalada litabadilika, si mauaji tena. Utaandika maelezo, na utapata dhamana. Lakini utashitakiwa, mama. Sitakudanganya."

"Sawa. Yule kijana?"

"Anatoka leo."

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza lile ambalo Malongo alikuwa analisubiri tangu Murubanga.

"Ila kuna mtu alimtuma. Mimi nilikuwa jikoni, moshi tupu, sikuona. Kila ninayemuuliza anatazama chini. Nani alimwambia Consolatha aende?"

Mlango ulikuwa wazi. Hategekimana alikuwa amesimama ukutani na askari mwingine, anasubiri kurudishiwa mkanda wake. Aliinua macho. Ilikuwa saa nane kasoro. Malongo angeweza kusema mtu tu. Maneno hayo yalikuwa tayari kwenye jalada mara sita, yamesainiwa, na wakili wa serikali asingeuliza.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilikaa chini ya turubai nikasema nani huyo asiye na adabu. Nilitaka kuonekana najua mila zenu."

Malongo alikuwa amejiandaa kwa laana, au kwa kilio, na angepokea chochote kwa shukrani. Mama Felisita alivuta bakuli katikati ya meza, akalifunua tena, akaweka kijiko upande wa Malongo.

"Kaeni mle," aliwaambia, yeye na Hategekimana. "Zitapoa."

Hategekimana alikuja akakaa. Alikula kimya kimya, kama siku zote, naye Malongo alikula vijiko viwili. Baadaye fundi alisimama, akavaa mkanda, akaomba spana yake.

"Ni kielelezo," Malongo alisema.

"Basi nitatumia ile ya ishirini na nne. Ile nati lazima ilegezwe kabla watu hawajafungulia." Alisita mbele ya mjane. "Mama, kesho Uwase atakuletea chakula, kama utakuwa bado huku."

Alipotoka, Malongo alimpigia simu mkuu wake. Alisema jalada halitafika saa tisa, na likifika litakuwa mkononi mwa mpelelezi mwingine, kwa kuwa yeye sasa ni shahidi. Mkuu alipiga kelele kwa dakika nzima. Malongo alisikiliza mpaka mwisho, akasema ndiyo afande, akakata.

Kisha akavuta karatasi safi. Juu akaandika shahidi wa saba, akaandika jina lake, kabila, dini, kazi yake, mahali anapoishi. Akaeleza alivyofika msibani na alichokiona ng'ambo ya kijito. Alipofika pale ambapo wenzake sita walisema mtu tu, kalamu ilikataa kidogo. Akaisukuma, akaandika kwa mwandiko uleule safi: Aliyesema ni mimi.